Lori la Mzee Issa Lililokosa Grisi

Nimestaafu mwezi uliopita. Mliniaga vizuri, nashukuru: pilau ilitosha na hotuba zilizidi. Katika hotuba hizo mmoja wenu alisema kwamba mimi niliipenda kazi tangu siku ya kwanza, nikajua papo hapo kwamba hakuna hata mmoja wenu aliyekuwepo siku ya kwanza. Ndiyo maana nimeketi barazani kwangu hapa Kizota, Dodoma, miwani usoni, niandike mwenyewe kabla hamjanitungia maisha mengine. Vyeo na mishahara sitaviandika. Vyeo vilichelewa kuja, mishahara iliwahi kwisha, na yote mawili mnayajua bila kufundishwa na mimi.

Siku ya kwanza nilitaka kukimbia. Nilitoka chuo cha ufundi na cheti chenye muhuri na ovaroli ambayo mama aliipunguza miguu kwa mkono. Gereji, hapahapa Kizota, ilikuwa na mafundi tisa, wote wanaume, na mmoja wao aliniuliza nimemletea nani chakula. Fundi mkuu, Mzee Mhando, mtu wa Handeni, mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza, hakuuliza kitu. Alinipa bomba la grisi.

"Lori lile lina nipo ishirini na nne," alisema. Nipo, kwa msomaji asiye fundi, ni kile kichwa kidogo cha chuma unachobana mdomo wa bomba ili grisi iingie kwenye kiungo. "Zitafute zote, zifute vumbi, zijaze. Ukimaliza niambie ni ngapi."

Nilipata ishirini na tatu. Nilitambaa huku na huku, nikachoka, nikatoka nikasema ishirini na nne.

"Ya mwisho umeiona wapi?" aliuliza.

Akanionyesha chini ya lori kwa kidole, bila hasira, nikarudi. Ilikuwa imejificha juu ya shafti, imefunikwa na tope lililokauka kama tofali. Niliipata karibu na saa ya chakula. Nilitoka na grisi mpaka ndani ya sikio, na furaha ambayo hadi leo sijapata kuieleza vizuri kwa mtu yeyote, hata kwa mume wangu, ambaye ni mwalimu na huelewa mambo mengi.

Ile ilikuwa mwishoni mwa miaka ya foleni, na hata grisi yenyewe ilikuwa bidhaa ya kutafuta kwa kujuana. Ilipokosekana kabisa Mzee Mhando alichemsha mafuta ya ng'ombe akayachanganya na oili chafu ya injini. Ilifanya kazi kwa wiki moja hivi. Tatizo lilikuwa mbwa. Lori likiegeshwa jioni mitaa ya Kizota, asubuhi unakuta kiungo kimelambwa kikang'aa, na mbwa amelala pembeni, ameshiba.

Mzee Mhando alinifundisha mambo mawili ambayo cheti hakikuyataja. La kwanza, kiungo hakifi kwa mzigo, kinakufa kwa ukavu. La pili, grisi ni kama uji wa mgonjwa: kidogo, mara kwa mara. Ukijaza nyingi kwa mkupuo mmoja, inapasua mpira wa kuzuia vumbi, inamwagika nje, inakusanya mchanga, na baada ya wiki umekitengenezea kiungo msasa. Vijana wengi mnapenda kupampu mpaka mkono uchoke. Mkono wenu si kipimo.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Milango ya biashara ilifunguliwa, na magari yaliyotumika Ulaya yakaanza kumiminika, milango yake imeandikwa maneno ambayo hakuna aliyejua kama ni jina la kampuni au onyo. Mteja wetu mkubwa, Bwana Mbwambo, Mpare mwenye haraka na roho si mbaya, alinunua malori mawili pacha kwa safari za Singida. Nyuma ya kibanda cha dereva kila lori lilikuwa na chupa kubwa ya plastiki iliyojaa grisi laini, na kutoka hapo mirija myembamba, mingi, ilitambaa chini ya gari hadi kwenye kila kiungo. Nipo zilikuwa zimeng'olewa, mahali pake pamefungwa mirija.

"Hili linajipaka lenyewe," Bwana Mbwambo alisema, akipiga chupa kofi kama anayesifu ng'ombe mnadani.

Mafundi wakanigeukia wote tisa. "Nyemo, kazi imekwisha. Rudi ukalime uwele." Nilicheka nao, lakini usiku wangu ule haukuwa mzuri. Bomba la grisi ndilo lililokuwa limenipa jina pale gereji.

Hapa nisimame niwaeleze kitu, maana nimewaona wenye vyeti vizuri kuliko changu wakikosea. Mashine hizi hazipaki grisi muda wote. Zinapumzika, zinapaka kidogo, zinapumzika tena. Swali la maana ni moja tu: zinajuaje kwamba muda wa kupaka umefika? Nyingine huhesabu saa tangu ufunguo uwashwe. Kati ya hizo zipo zenye kumbukumbu, na zipo zinazosahau kila ukizima gari, zikaanza moja upya. Nilikuja kukutana na moja ya namna hiyo kwenye gari la soda lililozunguka maduka ya Msalato. Dereva alizima kila duka, saa haikutimia hata siku moja, na gari likalia kama mlango wa zizi. Nyingine huhesabu kilomita. Na ipo namna nyingine ambayo sisi wakati ule hatukuijua kabisa. Malori yale yalikuja na karatasi moja tu iliyochanika, yenye picha ya saa ya ukutani, tukaamini ni ya saa. Baadaye nilikuja kujua karatasi ile ilikuwa ya mashine ya gari jingine.

Malori yalipata madereva wawili. La kwanza alipewa Sospeter, kijana mwenye miwani ya jua hata kukiwa na mawingu. La pili alipewa Mzee Issa, Mrangi wa Kondoa, mtu wa kofia na tasbihi, aliyekuwa ameendesha malori tangu Sospeter hajazaliwa. Mzee Issa hakuificha shaka yake. Siku ya kukabidhiwa alizunguka lori, akaitazama ile chupa, akasema mbele ya bosi wake, Bwana Mbwambo: "Mashine haijui njia ya Singida. Mimi naijua." Watu wakacheka. Maneno yale yalikuja kumgharimu.

Baada ya miezi michache lori la Mzee Issa lilirudi na usukani mzito kama kugeuza kinu. Tukafungua magurudumu ya mbele. Kingipini, ile nguzo ya chuma ambayo gurudumu hugeukia, ilikuwa kavu, imeliwa, ina rangi ya kutu. Chupa ya grisi ilikuwa imejaa karibu vilevile tulivyoijaza. Lori la Sospeter, pacha wake, njia moja, mzigo uleule, chupa yake ilikuwa nusu na kila kiungo kinang'aa.

Kwenye kisanduku cha mashine kulikuwa na kitufe cha kujaribia. Nikakibonyeza. Pampu ikapumua pssss, grisi ikatokeza kila mahali. Nikakagua mrija mmoja mmoja, maana mmoja ukiziba yote husimama. Hakuna ulioziba. Tukabadilisha kingipini, tukalirudisha lori barabarani. Haukupita muda mrefu likarudi hivyohivyo.

Bwana Mbwambo akamaliza hesabu kichwani mwake. Mashine nzima, mirija mizima, gari jingine halina shida. Basi aliyebaki ni mtu.

"Anaichomoa waya akifika njiani," alisema, amesimama katikati ya gereji. "Alisema tangu mwanzo haitaki. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Sijaigusa mashine yako," alisema Mzee Issa.

"Basi nani kaigusa? Jini?"

Mzee Issa alivua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena. Bosi akasema safari hii ni ya mwisho: akirudi Jumamosi na viungo vikavu, anakabidhi funguo, na kila mwenye lori Dodoma ataambiwa sababu. Kwa dereva wa umri ule maneno hayo yalikuwa na maana ya kwenda nyumbani na jina la mwongo. Kisha bosi akanigeukia mimi.

"Fundi, utakwenda naye. Umwangalie mikono."

Nitasema kweli: hata mimi nilimshuku. Nilijua mashine ni nzima, na nilimsikia kwa masikio yangu akiidharau. Nilifunga uzi mwekundu kwenye fyuzi na kwenye kila waya wa kisanduku ili akigusa nijue. Mzee Mhando alinitazama nikifunga nyuzi zile, akaniambia polepole, "Umetumwa kumtazama dereva. Wewe tazama chombo." Niliona haya, lakini nyuzi sikuzifungua.

Tuliondoka alfajiri ya Ijumaa. Tulipopita Zuzu jua lilikuwa limeshachomoza nyuma yetu na vumbi limekuwa jekundu. Mzee Issa akaniuliza bila kunitazama, "Umetumwa kunilinda, sivyo?"

"Ndiyo, baba."

"Basi linda vizuri, mwanangu. Mimi nitaendesha." Akacheka, cheko la kweli kabisa, akaweka kikombe chake cha chai juu ya dashibodi.

Kisanduku cha mashine kilikuwa nyuma ya kiti changu. Niliegemeza kichwa hapo, nikasikiliza. Nilikuwa nasubiri ile pssss ya pampu. Bahi ikapita, kimya. Nyuzi zangu zote zilikuwa salama, na mikono ya mzee haikutoka kwenye usukani na gia. Nikaanza kuwa na wasiwasi wa namna nyingine: kwamba huyu mtu hana kosa, na mimi sijui kosa liko wapi, na kesho ni Jumamosi.

Mbele kidogo punda mwenye madumu ya maji alikata barabara ghafla. Mzee Issa akakanyaga breki. Nyuma ya kichwa changu, ndani ya kisanduku, nikasikia: tk.

Punda akapita. Tukaendelea. Kimya tena. Nikakitazama kikombe cha chai. Ukiacha pale kwa punda, tangu Dodoma hakikuwa kimemwaga hata tone. Ndipo nilipoanza kumtazama mzee miguu badala ya mikono. Mbuzi wakionekana mbali, aliondoa mguu kwenye mafuta, akapunguza gia, na tukiwafikia, mbuzi wameshapita. Kona akaiingia kwa gia. Kijijini akapita kwa gia. Ule mguu wa breki ulikaa pembeni umetulia, kama mgeni aliyeambiwa ajisikie nyumbani lakini haamini.

"Baba," nikasema, "wewe breki huzikanyagi?"

"Za nini?"

"Za kusimamisha gari."

"Gari husimama lenyewe ukiliambia mapema." Akanywa chai, akarudisha kikombe. "Wewe ulikuwa mdogo. Miaka ile ya shida, laini za breki, hizi zinazolika kila ukikanyaga, zilikuwa hazipatikani Dodoma nzima. Ukizimaliza, lori linakaa kwenye mawe. Nimeshusha vitunguu kutoka milima ya Kondoa misimu miwili kwa laini zilezile. Mguu ukishajifunza, haufundishiki tena. Siku hizi laini zimejaa madukani, nikizikanyaga naona kama natupa chakula."

Nilihesabu. Kutoka pale hadi tulipopanda ukingo wa bonde na kuingia Manyoni, kisanduku kilisema tk mara tatu. Mzee Issa alikanyaga breki mara tatu. Moyo wangu ulikuwa unakwenda mbio kuliko lori.

Stendi ya Manyoni nilimwomba asizime injini. "Kanyaga breki, baba. Achia. Kanyaga tena."

"Tumeshasimama, mwanangu."

"Kanyaga tu, nakuomba."

Nikashuka, nikainama mbele ya gurudumu, nikaanza kuhesabu kwa sauti kila taa za nyuma zilipoakisi kwenye ukuta wa mgahawa. Muuza mayai akaja kuuliza kulikoni. Nikamwambia nahesabu breki. Akaona ni jambo la maana, akaanza kuhesabu nami. Wakaja wawili, wakaja abiria wa basi lililoharibika, na kwa kuwa hawakuwa na kazi nyingine duniani, wakahesabu. Ilipofika thelathini na moja, pampu ikatoa pssss, na juu ya kingipini, polepole, ukatokeza uzi mwembamba wa grisi mpya.

Nilipiga kelele. Stendi nzima ikapiga kelele, ingawa ni mimi tu niliyejua sababu.

"Tena!" nikasema. Safari ya pili ilikuwa hamsini kamili. Safari ya tatu, hamsini kamili. Mashine ile haikuwa na saa wala kilomita. Ilikuwa inahesabu breki, na kila breki hamsini inapaka mara moja. Ile ya kwanza ilikatika mapema kwa sababu ilikuwa na akiba ya breki chache za wiki nzima. Alikotoka lori lile, dereva hukanyaga breki kila taa na kila kona ya mji, hivyo viungo hupata grisi kutwa. Waliolitengeneza hawakuwahi kukutana na mtu aliyefundishwa udereva na shida.

Nilimweleza Mzee Issa dirishani. Alisikiliza mpaka mwisho, mguu bado juu ya breki.

"Kwa hiyo ningeendesha vibaya, nisingeshukiwa?"

"Ndiyo, baba."

"Shukrani ya punda ni mateke," alisema, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka kofia ikaanguka, na mimi nikacheka huku nalia, kwa furaha na kwa aibu ya zile nyuzi. Nilizikata mbele yake, moja moja. Muuza mayai alitugawia mayai mawili, akakataa katakata kulipwa, hata kwa asante ya maneno mengi.

Jumamosi, nje kidogo ya Kizota, tulikanyaga breki mpaka pampu ikapaka ili hesabu ianze moja, tukaingia kabla ya adhuhuri. Bwana Mbwambo alikuwa anasubiri getini na Sospeter pembeni yake. Hakusalimia. Alinyoosha mkono, Mzee Issa akampa funguo, bosi akazitia mfuko wa shati. Nikaeleza nilichokiona. Akatikisa kichwa.

"Fundi, wewe unamwonea huruma mzee."

"Basi usiniamini mimi," nikasema. "Panda wewe mwenyewe, ukanyage." Sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Nilikuwa sijawahi kumwamuru hata mfagiaji.

Mzee Mhando akawa ameshamfungulia mlango wa lori. Bosi hakuwa na pa kutokea. Akapanda na viatu vyake vya ngozi, akawasha, akakanyaga. Mafundi wote wakatoka chini ya magari wakaja kuhesabu. Ishirini. Thelathini. Ilipofika arobaini sauti zilikuwa kubwa, na bosi jasho linamtoka, mguu haujazoea. Arobaini na tisa. Hamsini. Pssss.

Kisha Sospeter akavua miwani, akasema, "Kwa hiyo gari langu lina grisi kwa sababu mimi ni dereva mzuri?"

"Gari lako lina grisi," Mzee Mhando akamjibu, "kwa sababu hakuna mbuzi kati ya hapa na Singida ambaye hukumshtukia." Gereji ikaangua kicheko, na Sospeter mwenyewe akacheka kuliko wote, hilo nampa sifa yake.

Ndani ya kisanduku, chini ya kifuniko kilichofungwa kwa nta, Mzee Mhando alikuta kiduara cha kugeuza. Lori la Sospeter tuliliacha kwenye hamsini. La Mzee Issa tulilishusha mpaka kumi, tukalijaribu, likatii.

Bwana Mbwambo alikuwa ameshuka. Alisimama mbele ya Mzee Issa, akatoa zile funguo mfukoni, akawa anazigeuza geuza mkononi. Kwa muda wote niliowajua, bosi alikuwa akimwita "dereva" na kumwuliza habari za mzigo, basi, ingawa mzee angeweza kumzaa. Nilidhani atatoa maelezo, maana alikuwa mtu wa maelezo. Hakutoa. Alizishika funguo kwa mikono miwili, akainamisha kichwa mbele yetu sote.

"Shikamoo, Mzee Issa."

Mzee Issa alimtazama muda mrefu kidogo kuliko ilivyo desturi.

"Marahaba, mwanangu," alisema, akazipokea.

Alipanda, akaligeuza lori taratibu kwa usukani mwepesi, akalielekeza getini. Barabara ilikuwa nyeupe, hapakuwa na gari, mtu wala mbuzi. Taa za breki zikawaka mara moja, mara mbili, mara tatu, bila sababu yoyote ya barabarani.

"Bado saba!" Sospeter akapiga kelele, na honi ya Mzee Issa ikamjibu.